Mizani Janja na Ujanja Wake

Abiria wa basi la Morogoro akimsikia kondakta anasema "tunaingia mizani", hafikirii kilo zake. Anajua gari litaiacha barabara kuu pale Vigwaza, litapanda taratibu juu ya sahani za chuma zilizolazwa chini, mtu aliye kibandani atasoma uzito wa kila ekseli, kisha safari itaendelea au yatazuka maneno. Kenya uko mji mzima kando ya barabara ya Mombasa, Mlolongo, ambao wenyeji hulieleza jina lake kwa foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri mizani. Kwa muuza nyama, mizani ni ile yenye sahani na mshale. Kwa mshairi ni silabi: Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, aliwafundisha watunzi kanuni za vina na mizani, na mpaka leo malenga wa Tanga au Mombasa ukimwambia shairi lake limepungua mizani, huumia kuliko muuza nyama aliyenyang'anywa ya kwake. Mnajimu ana nyota ya Mizani, mahakama ina mizani kwenye nembo, na Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja.

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na halikuja peke yake. Liliongozana na ratili, wakia na frasila, vipimo ambavyo wazee wa pwani walivitumia kuuzia karafuu, sandarusi na pembe. Frasila moja ilikuwa kama ratili thelathini na tano, yaani karibu kilo 16. Ratili imezeeka na wakia imebaki kwa masonara na kamusi, lakini mizani bado inaitwa kila siku, kila mtu kwa shughuli yake. Kazi zake zote zina sharti moja: mizani haina upande. Ikiwa na upande, si mizani tena, ni wizi.

Ndiyo maana nina neno na hii iliyoingia madukani siku hizi, bapa la kioo la kusimamia lenye kuzungumza na simu. Kwa kufuata mkumbo wa simu janja, runinga janja na saa janja, wapo waliokwisha kuiita mizani janja.

Janja ni sifa ya Sungura. Mjanja wa Kiswahili hukatiza kati ya haki na kosa bila kulowa miguu, na ukiona mtu anakusifia ujanja wako, shika mfuko. Simu ikiwa janja haidhuru, kwa sababu simu hatukuidai haki tangu mwanzo. Tuliidai sauti, na baadaye picha. Mizani ni habari nyingine. Mwambie mama lishe wa Buguruni kwamba umemletea mizani janja uone kama hatakupa mgongo. Mizani janja anaijua: ndiyo aliyopimiwa nayo mchele wiki iliyopita. Wakala wa Vipimo, watu wanaobandika stika kwenye mizani za madukani, wamekuwa wakipambana na ujanja huo miaka nenda miaka rudi, na lugha imewapa silaha zake: kupunja, kuchezea mizani, kuchakachua. Upande wa pili wa biashara hiyohiyo kuna lumbesa, gunia la viazi lililovimba shingo na kusukiwa kamba juu, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja. Katika msamiati wote huo, ujanja uko upande wa mshtakiwa.

Programu za simu zilizotafsiriwa Kiswahili zimekwepa janja na kuandika mahiri: saa mahiri, simu mahiri. Ni neno zuri, lakini mahiri ni fundi aliyebobea, na kifaa ninachokisema kina kazi moja kinayoifanya vizuri na nyingine kumi kinazobahatisha. Fundi wa namna hiyo mtaani ana jina jingine. Mimi nasema mizani ya simu. Kuna aliyenibishia kwamba hiyo ni mizani ya kupimia simu. Namwomba anioneshe mtu mmoja aliyewahi kupima simu kwa kilo.

Jina la pili linalonisumbua ni mizani ya bafuni, ambalo limeandikwa hata kwenye maboksi yenye Kiswahili cha kutafsiri. Bafu la nyumba nyingi za kwetu ni mahali pa maji. Sakafu imeinamishwa kuelekea kwenye tundu, ndoo iko pale, kata iko pale, na anayeoga humwaga bila kuomba radhi. Ukiweka humo kifaa chenye betri na saketi, umekizika. Kwetu mizani hii hukaa chumbani, chini ya kitanda, na hutolewa asubuhi. Anayetaka jina la kitendo aseme mizani ya kupanda, kwa kuwa ndivyo tunavyosema tayari: panda upime.

Nilipata nafasi ya kuyajaribu maneno haya yote mara moja kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga. Mwanawe aliyeko Muscat alikuwa amemletea mizani ya simu kwa mkono wa mtu, na karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo unisomee hili dude, ndugu yako kanunua kitu hakisemi."

Hakikusema kwa sababu kiplastiki cha kukatia umeme kilikuwa bado kwenye kiota cha betri. Kukichomoa tu, kioo kikawaka. Shangazi alitaka tukiweke juu ya mkeka, kwa adabu ya kitu kipya. Ikabidi nimweleze kwamba mizani hii ina miguu minne midogo, na ndani ya kila mguu mna kipande cha chuma. Ukiiweka juu ya mkeka au zulia, miguu inazama na kilo zinapotea njiani. Inataka saruji au vigae, pasiwe na mwinamo wala kigae kilichopanda. Tukaipeleka ukumbini, palipo na saruji laini. Niliikanyaga kidogo kwa kidole gumba, nikaondoa mguu, nikangoja isome sifuri. Huo ndio mwanzo wake kila ikihamishwa, na ni hatua ambayo wengi huiruka.

Kisha simu. Simu ya shangazi imewekwa Kiswahili, nayo iliandika: Oanisha.

"Nani anamuoa nani?"

"Simu na mizani, shangazi."

Walioteua neno hilo sijui kama walicheka walipokuwa wakiliteua, lakini natamani wangekuwa wamecheka. Kuoanisha ni kufanya vitu vioane, na mwenye sikio la Kiswahili hawezi kuisikia oana bila kusikia oa ndani yake. Limekaa vizuri kuliko unganisha, maana simu huunganishwa na mtandao wowote unaopita, lakini mizani na simu hupeana namba za siri mara moja na baada ya hapo hutambuana. Sekunde chache baadaye programu iliomba ruhusa nyingine.

"Sasa inataka mahali," nikasema.

"Mahari! Si ndiyo niliyokuwa naiuliza?"

Inataka mahali ulipo. Shangazi alidhani simu ina umbea, na hakukosea sana. Simu za Android za kabla ya toleo la 12 zilikuwa na kanuni kwamba programu yoyote inayotafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo jirani lazima iombe ruhusa ya kujua mahali, kwa sababu anayejua ni vifaa gani vimekuzunguka anaweza kukisia uko wapi. Kanuni iliwekwa kumlinda mtumiaji; ikaishia kumtisha. Na mwenye mizani ya aina inayoingia moja kwa moja kwenye Wi-Fi akumbuke kwamba nyingi zinasikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Rauta ikiwa imewekwa kwenye 5 peke yake, utabonyeza mpaka vidole vichoke.

Hatimaye ikauliza mambo matatu: urefu, jinsi, umri.

"Andika hamsini."

"Shangazi, hamsini tuliisherehekea zamani."

"Andika hamsini nimekwambia. Inajuaje?"

Nikaandika. Akavua kandambili, akapanda, akasimama kama anayepigwa picha ya pasipoti. Uzito ulitokea kwanza, kilo 78.4, ukapepesa mara mbili, ukatulia. Kisha viduara vikakimbizana kwenye kioo, na simu ikamwaga orodha: mafuta asilimia kadhaa, maji, misuli, mifupa, mafuta ya tumboni, umri wa mwili. Misuli ilimchekesha, kwani kwa watu wa pwani msuli ni nguo anayojifunga mwanamume kiunoni, na yeye alikuwa na kanga.

Simu ilipobaki mkononi mwangu, nilirudi kwenye wasifu wake nikaandika umri wake wa kweli, nikamwomba apande tena. Uzito ulikuwa uleule hadi nukta. Mafuta yalikuwa yameongezeka. Nikabadilisha jinsi, nikamfanya mwanamume. Akapanda huku akilalamika. Uzito uleule, mafuta yakaanguka vibaya sana na misuli ikapanda. Miguu ileile, saruji ileile, na chai ilikuwa haijapoa.

Hapo ndipo kiini cha haya yote kilipo. Kifaa hiki kinafanya kazi mbili zisizofanana, na zote mbili zinategemea jambo ambalo wanafizikia wetu wameliita ukinzani. Kwa kilo, ni ukinzani wa waya. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba waya mwembamba uliobandikwa juu ya chuma hunyooka pamoja nacho chuma kikipinda, na umeme ukapita humo kwa shida zaidi kidogo. Badiliko hilo dogo linaweza kusomwa na kugeuzwa namba. Vipande vinne vya chuma katika miguu minne hupinda kwa uzito wako, na namba zake hujumlishwa. Mzigo upo, chuma kimepinda, waya umesema. Hiyo ni kupima.

Kwa mafuta, ni ukinzani wako wewe. Vile vibati au mistari ya kung'aa unayoikanyaga hupitisha mkondo dhaifu mno, chini ya miliampea moja, unaokwenda na kurudi mara elfu hamsini kwa sekunde katika mizani nyingi. Unapanda mguu wa kulia, unashuka wa kushoto, na kifua na mikono yako hauijui. Mkondo huo hupenda maji yenye chumvi, na maji hayo yamo kwenye nyama ya mwili. Mafuta yana maji machache, kwa hiyo huukinza. Kutokana na ukinzani uliosomwa, pamoja na urefu, umri na jinsi ulivyoandika, programu hukisia una maji kiasi gani. Kisha hudhani kwamba mwili usio na mafuta ni maji kwa takriban asilimia 73, hupata uzito wa mwili huo, na kuutoa kwenye kilo zako. Kinachobaki ndicho huitwa mafuta. Umeme haukuyaona kamwe. Mafuta ya mizani hii ni baki, kama tulivyofundishwa hesabu za kutoa darasa la pili.

Kunywa nusu lita ya maji upande tena: umeongezeka nusu kilo kwelikweli, na hilo ni la haki. Lakini amka na kiu baada ya usiku wa joto la Tanga, na ukinzani utapanda, na mizani itakuambia umenenepa usingizini. Wenye kifaa cha kuusaidia moyo upige hawatakiwi kuukanyaga mkondo huo hata kidogo, na wajawazito watengenezaji huwashauri waache.

Kiswahili kina ngazi nzima ya vitenzi kwa mambo haya. Unapima, na hapo pana chombo na kitu. Unakadiria, na hapo pana chombo, hesabu na dhana. Unakisia, na chombo umekiacha nyumbani. Unabahatisha, unabashiri, na ukishuka zaidi unapiga ramli. Kila mwaka Dodoma, waziri husimama bungeni kusoma makadirio ya mapato na matumizi, na hakuna Mtanzania, hata yule anayesikiliza kwa redio ya mkulima shambani, anayedhani kwamba fedha hizo ziko kabatini. Neno makadirio limetuzoesha: ni hesabu ya heshima, iliyofanywa na watu wenye kalamu, lakini subiri mwaka uishe. Basi programu ya mizani ingeandika Uzito juu, na chini yake, kwa kichwa cha habari chenye herufi za kutosha, Makadirio, kisha ndiyo imwage orodha yake. Kwa sasa vyote vimewekwa kwenye safu moja, kwa wino mmoja, na vyote vimeitwa vipimo. Huo ndio ujanja wenyewe, na haukufanywa na mizani.

Nina sababu ya kulililia neno kupima. Limebeba mengi katika nchi hii. Julai 2007 Rais Kikwete alipima mbele ya umma pale Mnazi Mmoja, na kampeni ya kupima virusi vya Ukimwi ikasambaa nchi nzima, watu wakaulizana "umepima?" bila kutaja kitu, na kila mtu alijua kinachoulizwa. Kitenzi chenye uzito huo hakipaswi kutumika kwa baki.

Na hata kilo zenyewe zina mjadala. Wanafunzi wa fizikia hufundishwa kutofautisha uzito na tungamo: tungamo ni kiasi cha maada uliyo nayo, haibadiliki ukienda kokote; uzito ni jinsi dunia inavyokuvuta. Mizani ya kusimamia husoma mvuto na kuandika kilo, kama kwamba ni kitu kimoja. Mtaani hakuna atakayesema "tungamo yangu imeongezeka", na mimi simshauri. Ila tofauti ipo. Mvuto wa dunia ni mdogo zaidi karibu na ikweta na mahali pa juu, kwa hiyo mtu wa kilo 80 akiichukua mizani iliyosawazishwa Paris na kuipanda Nairobi, ataona amepungua karibu robo kilo bila kuacha chapati. Mizani zinazouzwa Japani humtaka mwenyewe achague kanda anakoishi kwa sababu hiyohiyo. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya kuhakiki vyombo vya kupimia, na kazi hiyo wameipa jina la ugezi, neno ambalo sikio langu linasikia geji ndani yake. Nimelipenda kwa ufupi wake. Ugezi wa nyumbani ni rahisi: jipime, kisha jipime umebeba mfuko wa sembe wa kilo 10 usiofunguliwa, utoe. Kama jibu si kumi, au karibu yake, ama mizani ina kasoro ama muuza sembe.

Turudi kwenye mafuta, maana neno hilo ni la shida. Mafuta kwa Mswahili ni ya taa, ya gari, ya kula, ya kujipaka. Bei yake hupanda na redio hutangaza. Kuna mafuta ya chupa na mafuta ya kupima, yale yanayochotwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa la dukani. Ukisema una mizani ya kupima mafuta, mwenye duka atakuuliza ya alizeti au ya mawese. Lipo shahamu, lakini hilo ni la kondoo, lina harufu ya mchuzi, na sijui mtu mwenye ujasiri wa kumwambia shangazi kwamba ana shahamu. Kiribatumbo ni neno la kamusi ninalolipenda, kiriba kikiwa ule mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, na unamwona mtu mzima mbele yako amebeba chake. Madaktari wamebaki na unene wa kupindukia, ambao unasikika kama kosa la jinai.

Watu wenyewe wanasema nini? Wanasema mwili. "Siku hizi nimeongezeka mwili." "Anafanya mazoezi apunguze mwili." Hawasemi mafuta, hawasemi uzito. Mwili wote ndio unaoongezeka na kupungua, na wala hautenganishwi kuwa misuli huku na mafuta kule. Na mtu aliyejaa husemwa ana afya. "Shemeji ana afya yake" haina maana kwamba shinikizo la damu liko sawa. Ni sifa, imetamkwa kwa kutazama mikono. Upande wa pili kuna ng'onda, samaki aliyekaushwa juani, na kimbaumbau, na swali linalofuata daima: unaumwa?

Swali hilo lina historia isiyo mbali. Miaka ya themanini Uganda iliuita ugonjwa mpya wa Ukimwi silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba, na mwaka 1985 jarida la The Lancet lilichapisha habari zake kwa jina hilohilo kutoka Rakai. (Kiswahili kina kusilimu, ambako ni jambo jingine kabisa na lenye furaha.) Upande wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati huo. Kizazi kilichozika ndugu zake wakiwa wepesi kama fimbo hakiwezi kuambiwa na simu "Hongera, umepungua!" kikafurahi mara moja. Kuna mama Bukoba au Masaka ambaye ujumbe huo utamnyima usingizi. Mtafsiri wa programu aliyeweka hongera hapo hakukosea kisarufi. Angeandika "Umepungua kilo mbili" akanyamaza, msomaji angejua mwenyewe kama ni habari njema.

Uwiano wa uzito na urefu sina ugomvi nao mkubwa, kwa sababu haujifichi. Ni kugawanya tu: kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Kilo 78.4 kwa mtu wa mita 1.58 ni 31.4, na Shirika la Afya Duniani limechora mstari kwenye 25 na mwingine kwenye 30. Hesabu ni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi, si hukumu ya mtu mmoja. Jina la Kiingereza linalotumika sasa, BMI, lilitolewa na Ancel Keys mwaka 1972. Uwiano huu hauhitaji umeme wala mtandao. Umri wa mwili, kwa upande mwingine, ni makadirio yaliyopikwa juu ya makadirio, na nimeshaona ndoa ikitikisika kwa sababu mume aliambiwa ana miaka thelathini na tatu na mke hamsini na moja.

Mizani hii pia ina neno mgeni. Ikipandwa na mtu ambaye kilo zake hazikaribiani na za yeyote inayemjua, huandika mgeni na haihifadhi kitu. Inamtambua mtu kwa uzito, basi. Ndugu wawili wanaolingana huchanganywa, na mama aliyembeba mtoto hugeuka mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Suala la nani anahifadhi limetuletea neno la mwisho ninalotaka kulitazama. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Katika sheria hizi habari za afya ya mtu zimepewa daraja la juu: taarifa nyeti. Nyeti, neno ambalo mpaka jana tulilitumia kwa siri za serikali na kwa sehemu za mwili zisizotajwa mezani, sasa linafunika na kilo. Nimelifurahia uteuzi huo, ingawa mtaa haujapata habari. Kariakoo mashine ya kupima uzito na urefu inapiga kelele kwa kipaza sauti tangu asubuhi, mteja anapanda mbele ya wapita njia wote, na anayemfuata kwenye foleni anachungulia bila aibu. Shangazi mwenyewe hukupokea mlangoni kwa "umenenepa!" ya kusikika nyumba ya tatu. Kwake unyeti hauko kwenye namba. Uko kwenye nani kaijua bila kuambiwa na yeye.

Hilo lilijitokeza usiku uleule. Simu iliita kutoka Muscat. Mwanawe alikuwa ameifungua akaunti kwa baruapepe yake kabla ya kuituma mizani, kwa nia njema, na kila shangazi alipopanda, namba zilimfikia. Alitaka kujua imekuwaje mama yake ameongezeka mafuta, kisha akawa mwanamume, akapungua, yote kabla ya chai kupoa.

Shangazi alinikabidhi simu bila neno. Nikaingia kwenye mipangilio, nikamweleza kwamba kuiondoa programu kwenye simu hakuondoi kilichokwisha kupelekwa. Lazima akaunti yenyewe ifutwe, na mizani itaendelea kuonesha kilo kwenye kioo chake bila simu yoyote. Akakubali. Kitufe kikatokea, chekundu, kimeandikwa neno moja: Futa.

"Inafuta mafuta?"

"Hapana shangazi, data."

"Basi bonyeza. Na wakileta cha mafuta unipigie."